Chui wa Mtoni na Chui wa Uzio

Baba yangu ana mkono wa kugawa vyumba. Mpe chumba kimoja pale Gatina, kwetu Kawangware, mbao chache na misumari, na kabla ya jioni ana vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake na mpangaji wake, na wapangaji wenyewe watasikiana wakikohoa mpaka mmoja ahame. Nimekua nikimshikia mbao. Nikiwa darasa la sita tayari nilijua kukadiria nusu ya chumba kwa macho, bila futi. Nayasema haya mapema kwa sababu kosa nitakalosimulia sikulisomea popote. Nilitoka nalo nyumbani.

Kazi yangu ni kuhesabu chui. Majirani zetu wa Kawangware wakisikia hivyo hucheka, kisha huniuliza kama kweli Nairobi kuna chui. Kuna. Nyuma ya Kibera upo msitu. Ukitoka mtaa wa Olympic kwa miguu na kuvuka barabara kubwa, umefika. Watu huokota kuni pale, wengine huenda kuomba, na mnyama mwenyewe huwasikiliza wote akiwa amelala juu ya tawi, nao hawana habari. Baba hakuwahi kuielewa kazi hii. "Miaka minne ya chuo," husema, "ndio uende kuhesabu paka." Husema hivyo mbele ya wageni, na kila mara hunikera upya.

Chui huwezi kumhesabu kwa kumtazama, maana hakubali kutazamwa. Tunatumia kamera. Unaifunga kwenye mti, kimo cha goti, na mnyama akipita mbele yake inapiga picha yenyewe. Kisha unakaa ofisini na kuyasoma madoa. Kila chui ana madoa yake ambayo hakuna mwingine aliye nayo, hata ndugu yake wa tumbo moja. Ila kuna jambo moja: madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya ubavu wa kulia. Ni kama kitambaa kilichoshonwa kwa vipande viwili tofauti. Kwa hiyo kamera hufungwa mbili mbili, zikitazamana, moja huku na moja ng'ambo ya njia, ili chui akipita apigwe pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa na Daktari, mkuu wa mradi wetu, mtu mpole anayezungumza taratibu hata akiwa amekasirika.

Tulikuwa na kamera kumi na mbili. Mbili ziliibiwa, zikabaki kumi, yaani sehemu tano tu za msitu mzima. Daktari alikuwa amesafiri kwa muda. Mimi nikakaa na ramani mezani, nikaona vile msitu ulivyobaki wazi, mkono ukaniwasha. Kamera kumi, sehemu tano? Nikazivunja zile jozi. Nikaweka kamera moja moja, sehemu kumi, na nilipomaliza niliiangalia ramani nikajisikia mwerevu sana. Daktari aliporudi aliona vidoti kumi vyekundu akafurahi. Labda alidhani tumepata kamera nyingine. Hakuuliza, nami sikusema.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kupata picha. Kamera ya mtoni ilinipa chui mwembamba, tumbo limeingia ndani, akipita saa ya magharibi, jua likizama, ubavu wa kushoto. Doa moja nyuma ya bega lake lilikuwa na umbo la haragwe. Kamera ya karibu na uzio wa msitu, upande wa Kibera, ilinipa chui mnene, mzito, akipita alfajiri, ubavu wa kulia. Huyu alikuwa na madoa mawili pajani yaliyoshikana kama pete. Mwembamba na mnene. Magharibi na alfajiri. Nilijua kabisa kwamba ubavu wa kushoto na wa kulia haziwezi kulinganishwa, nilijua kama ninavyojua jina langu, lakini yule alikuwa mwembamba na huyu mnene, ni nani angenidanganya? Na nitasema ukweli: nilitaka wawe wawili. Mtu akikaa miezi akitafuta kitu msituni, kimoja hakimtoshi.

Nikaandika: wawili.

Daktari aliisoma ripoti akiwa amesimama, anakimbilia mkutano. "Uko sure?" akaniuliza.

"Niko sure," nikamjibu.

Wale chui nikawapa majina ya mahali: wa mtoni na wa uzio. Nilimpenda wa mtoni. Alionekana mpole, mwenye shida zake, asiyemsumbua mtu. Wa uzio sikumpenda, kwa sababu wakati huo huo mbuzi walianza kupotea Kibera.

Mbuzi walikuwa wa bibi mmoja Mnubi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyanya, nami nikamwita hivyo. Babu yake alikuwa askari wa wakoloni, akapewa kiwanja pale Kibera zamani kulipokuwa bado msitu, na nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile za zamani, ya udongo na mabati, yenye ua mpana ambao wajenzi wa maghorofa huutazama wakimeza mate. Alikuwa amewafuga mbuzi miaka arobaini. Asubuhi walitoka kwenda kula majani ukingoni mwa msitu, jioni walirudi wenyewe. Katika miezi miwili alipoteza watatu, mmoja wao akiwa yule aliyempa maziwa ya chai. Walichukuliwa zizini, ndani ya ua, na asubuhi alikuta damu kwenye ukuta juu kabisa, mahali ambapo mbwa hafiki.

Mkutano ukaitishwa Olympic. Niliketi mbele karibu na Daktari, na watu wakasema yaliyowajaa moyoni. Mama mmoja alisema watoto wake hupita pale asubuhi kwenda shule. Mwanamume mmoja hakuinuka hata kwenye kiti. "Nyinyi mnapenda wanyama kuliko sisi," akasema. "Sisi tutamwekea sumu, na maneno yaishe." Watu wakapiga makofi. Niliogopa, kwa sababu sumu haina kazi ngumu: kipande cha nyama tu, na mtu asiyejulikana.

Ndipo watu wa idara ya wanyamapori wakatoa njia ya kati. Kama msituni wako wawili, walisema, tumtege mmoja, huyu anayekula mbuzi, tumpeleke mbali. Wa pili abaki. Tulipotoka nje Daktari alinishika bega. "Wangekuwa mmoja ningekataa," alisema. "Mji umeuzunguka huu msitu kila upande. Akiondolewa wa mwisho, hakuna mwingine atakayekuja. Na huyo tunayempeleka mbali tunamtupa kwenye himaya ya chui wengine. Wengi hufa. Hii si dawa, ni vile tu hatuna nyingine."

"Lakini wako wawili," nikasema.

"Wako wawili," akakubali, na nikaona amepumua.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Nyanya kumpa habari. Alikuwa ameketi kibarazani akisuka kifuniko cha ukili, kile cha rangi rangi ambacho Wanubi hufunikia chakula. Nikamwahidi. Sikusema "huenda" wala "tutajaribu." Nilisema, "Nyanya, atahamishwa wiki hii." Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kuniombea dua ndefu. Kisha akatuma watu waambiwe wasiguse sumu, kwa sababu yule msichana wa serikali ametoa neno. Mimi si wa serikali, lakini sikumsahihisha.

Mtego ukawekwa siku ya Jumanne, sanduku kubwa la chuma kwenye njia ya uzio. Jumatano mimi nikapewa kazi nyepesi: kuandikisha mbuzi wa Nyanya waliobaki, mmoja mmoja, rangi na alama, ili tukisikia wamepotea wengine tujue ni wepi. Nilifika asubuhi mapema. Nikapewa kigoda, nikakiweka kando ya kichochoro kinachotoka uani, nikaegemea ukuta na fomu yangu mapajani. Mbuzi wakatoka mstari mmoja, matumbo yameingia, wana haraka ya majani. Nikaandika. Mweusi mtupu. Mweupe mwenye sikio lililochanika. Wa kahawia mwenye baka jeupe begani. Na kadhalika, wote saba.

Nilishinda pale. Nyanya alinipa wali, akanipa chai ya tangawizi, akanisimulia juu ya kila mbuzi aliyekufa tangu mumewe alipokuwa hai, na yule wa maziwa ya chai alimsimulia mara mbili. Saa kumi na moja mbuzi wakarudi. Nilikuwa nimekalia kigoda kile kile, nimeegemea ukuta ule ule, na nikaanza kutia alama kwenye fomu. Mweusi yupo. Sikio lililochanika yupo. Nikafika kwa yule wa kahawia nikakwama. Yule mwenye baka jeupe hayupo. Badala yake akapita wa kahawia mtupu, mnene, hana baka lolote.

"Nyanya! Mmoja amepotea! Yule wa baka jeupe hajarudi. Na huyu mnene si wako, ameingia wa mtu mwingine!"

Nyanya alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika nguzo ya baraza.

"Wewe msichana, na kusoma kote huko," akasema. "Huyo ni yule yule! Asubuhi umemwona akienda, sasa unamwona akirudi. Baka liko upande ule mwingine. Mzunguke, mzunguke umwone!"

"Lakini yule alikuwa mwembamba."

"Wallahi, huyu atanimaliza. Asubuhi si alikuwa na njaa? Amekula siku nzima. We ukila hunenepi tumbo?"

Nikainuka nikamzunguka mbuzi. Baka lilikuwepo, begani, jeupe kama maziwa. Nikacheka na mimi. Nilicheka kwa sauti kabisa, kisha kicheko kikakatika katikati.

Mwembamba akienda. Mnene akirudi. Upande mmoja magharibi, upande wa pili alfajiri.

Sikumbuki nilimuaga Nyanya vipi. Ninakumbuka nimeketi ofisini peke yangu, jua bado halijazama, nimefungua picha zote za wa mtoni na zote za wa uzio, nimezipanga kwa tarehe. Kila siku ambayo wa mtoni alipita magharibi, wa uzio alipita alfajiri iliyofuata. Kila siku ambayo wa mtoni hakutoka, wa uzio hakurudi. Alitoka kwa njia ya mto, akarudi kwa njia ya uzio. Picha hizo nilikuwa nazo muda wote. Sikuwahi kuzipanga pamoja, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeshapiga ukuta wa mbao kati yao.

Nilimpigia Daktari simu. Haikushika. Nikampigia tena na tena, nikajiambia bado si hakika, labda kesho nipate uhakika, labda mtego hautamnasa. Mbaya zaidi, lilinijia wazo ambalo hadi leo linanitia aibu: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Chui ataondoka, mbuzi watapona, Nyanya ataniombea dua nyingine, na kamera za msituni zisipopiga chui tena, nani atashangaa? Chui ni mnyama wa kujificha. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi askari wa wanyamapori akanipigia. "Madam, ameingia," akasema. "Kuja haraka, lori iko njiani."

Nilipofika, ukungu ulikuwa haujainuka. Daktari alikuwepo tayari, simu yake imeisha chaji tangu jana yake, anatayarisha sindano ya usingizi. Mtego ulikuwa umefunikwa turubai, na chini ya turubai ilitoka sauti ambayo sijui kuielezea, nzito, ya kusugua. Askari akafunua upande mmoja ili Daktari apate nafasi. Chui alikuwa jike. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Pua yake ilikuwa na damu kidogo pale alipojigonga kwenye vyuma, na alikuwa akizunguka, akizunguka, hana pa kwenda.

Aligeuka, nikaona paja la kulia: pete mbili zilizoshikana. Wa uzio.

Aligeuka tena, nikaona bega la kushoto: haragwe.

Mbele yangu walikuwepo wa mtoni, mpole wangu, na wa uzio niliyemchukia, ndani ya ngozi moja, na wote wawili walinitazama kwa macho yale yale.

"Daktari," nikasema. "Usimdunge."

Akageuka, sindano mkononi. Nikampa simu yangu yenye zile picha mbili. Akatazama simu, akamtazama chui, akasubiri ageuke, akatazama tena simu. Lori lilikuwa limefika na dereva ameshuka.

"Kamera zilikuwa mbili kila mahali, si ndio?" akauliza.

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposafiri. Nilizigawa. Sikukuambia."

Akavua kofia yake, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa. "Nilikuuliza kama uko sure," akasema, taratibu vile vile.

"Nilikosea, Daktari. Ni mmoja. Ni huyu tu."

Nilikuwa nalia, na sikujali askari wananiona. Daktari hakunituliza wala hakunikaripia. Alikwenda kando, akaomba simu ya dereva, akazungumza na ofisi ya idara kwa muda. Nilimsikia akisema kwamba kibali kinasema mmoja kati ya wawili, na hapa wawili hawapo. Nilimsikia akisema kosa ni la mradi. Hakusema ni la nani.

Wakaubeba mtego kwa lori hadi ndani ya msitu, mbali na uzio. Askari akapanda juu akavuta mlango kwa kamba. Chui hakutoka mara moja. Alilala chini, akaunusa mlango ulio wazi, kisha akaruka, na majani yakafunga nyuma yake. Hakugeuka kututazama. Sisi ndio tuliobaki tumesimama, wanaume sita na mimi.

"Wewe ndiye uliyemwahidi yule nyanya," Daktari akaniambia. "Kamwambie."

Ningekubali kufutwa kazi kuliko kuitembea njia ile. Nyanya alikuwa kibarazani, amevaa dera jipya, kwa sababu habari za mtego kunasa zilikuwa zimeshamfikia. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: kamera, kushoto na kulia, mwembamba na mnene, mbuzi wake wa kahawia alivyonifungua macho, na kwamba chui amerudishwa msituni.

Uso wake ulibadilika polepole. "Kwa hivyo ulihesabu vibaya," akasema.

"Ndiyo, Nyanya."

"Na mimi nikawaambia watu waache sumu. Kwa sababu ya neno lako. Leo nitawaambia nini? Hao watu mimi ndio nimewashika. Nikiwaachilia, kesho huyo mnyama amekufa."

"Najua."

"Hujui! Yule mbuzi wangu wa maziwa nilimlea kwa chupa, ndani ya nyumba, kama mtoto. We unakuja hapa kunililia na chui wako. Mimi nilimlilia nani?"

Alikuwa na haki, kila neno. Adhana ya adhuhuri ikasikika, naye akainuka akaingia ndani bila kusema nikae wala niende. Nilikaa kwenye kile kigoda. Mbuzi walikuwa wamefungiwa siku hiyo, nao walinitazama kupitia mianya ya zizi, mbao zenyewe zimeoza, juu hakuna paa. Nyanya alichukua muda mrefu kwenye swala yake. Alipotoka, alikuwa ameshavua dera jipya na kuvaa la kazi.

"Ni jike?" akauliza.

"Ni jike."

"Na ni yeye tu? Msitu mzima?"

"Ni yeye tu."

Akaangalia zizi. "Basi mbuzi zangu walale kwa nyumba yenye ukuta na dari. Si kesho. Leo. Ukiweza hiyo, nitaongea na watu. Usipoweza, usirudi hapa."

Nilimpigia mtu mmoja tu ninayemjua anayeweza kusimamisha chumba kabla ya jioni. Baba alinisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Nilipofika kwenye kuzigawa kamera nilisikia ameacha kupiga nyundo. Kisha akasema, "Zile jozi uligawa kama chumba?" Nikasema ndiyo. Akaguna. Saa nane alifika na pikapu ya jirani, mbao za vyumba viwili alivyokuwa ameanza kuvigawa Gatina, mabati, waya na misumari. Mbao zilikuwa na alama za kalamu yake bado.

Alipima zizi kwa macho, mara moja. Nikamshikia mbao kama zamani. Tukainua kuta, tukapiga waya juu na mabati juu ya waya, tukaweka mlango wenye komeo mbili. Majirani walikuja kutazama, na yule mwanamume wa sumu alikuwepo, amekunja mikono. Baadaye akaikunjua akashika nyundo, maana Baba hawezi kumwona mtu amesimama bure. Mwisho Baba akarudi nyuma, akalitazama zizi, akakuna kichwa.

"Hapa katikati," akasema, "nikipiga ukuta mwembamba, unapata mazizi mawili."

"Nani amekuambia ugawe?" Nyanya akamfokea. "Mbuzi zangu wanalala pamoja!"

Hiyo ndiyo mara ya pekee nimewahi kumwona baba yangu akishindwa na mpangaji.

Sikufutwa kazi. Daktari alinipa adhabu mbili: nizirudishe kamera zote katika jozi zao, na niandike ripoti mpya, ieleze kosa na mwenye kosa, kisha niipeleke idara kwa mkono wangu. Niliandika: mmoja. Mbuzi wa Nyanya hawakuguswa tena. Chui alirudi kuwinda ndani ya msitu. Tulipata mifupa ya digidigi, na mara moja ya mbwa ambaye hakuna aliyekuja kumdai. Lakini kila wiki nilipoingia msituni kubadilisha betri nilikuwa na hofu ya kumkuta amelala upande, povu mdomoni. Nyanya alikuwa amewashika watu, ila watu ni wengi.

Mvua ndefu ilipokwisha nikapata picha ambayo sijawahi kupata nzuri kama hiyo. Kamera mbili zinazotazamana, sekunde moja, kushoto na kulia: haragwe na pete. Nikazichapisha kubwa, nikampelekea Nyanya. Sikujua kama atataka kumwona, lakini nilihisi nina deni la kumwonyesha.

Akafuta miwani kwa upindo wa leso, akazishika picha mbali kidogo na macho, moja mkono huu na nyingine mkono ule.

"Ndiye huyu," akasema.

"Ndiye. Naona ameshiba siku hizi. Hata bila mbuzi zako."

Nyanya hakucheka. Akasogeza picha ya kushoto karibu, kisha ya kulia, kisha akarudi kwenye ya kushoto. Uso wake ulikuwa ule anaouweka akipapasa mbuzi.

"Nani amekuambia ameshiba? Shibe inajaa hapa juu, ubavuni. Hili tumbo limeshuka. Na tazama chuchu. Miaka arobaini nazalisha mbuzi, utanifundisha wewe? Huyu ana mimba, mwanangu. Hana siku nyingi."

Nikachukua zile picha. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nilikuwa nimezitazama wiki nzima kwenye skrini kubwa ya ofisi, nikahesabu kila doa, na tumbo sikuliona. Nikafikiria lile lori, na sindano, na dakika chache zilizobaki siku ile. Machozi yakanijia, naye akayaona akanipigapiga goti.

Kisha akavua miwani, akanikazia macho, na kicheko kikaanza kumtetemesha mabega.

"Sasa niambie, mwenye hesabu," akasema. "Hiyo mimba amejipa mwenyewe?"

Nilifungua mkoba bila kufikiri. Fomu ilikuwepo, na kalamu, na pale penye idadi palikuwa wazi pakinisubiri. Mkono uliniwasha, nakiri, uliniwasha vibaya.

"Andika wawili," Nyanya akasema.

"Bado, Nyanya," nikamwambia. "Huyo mwingine sijamwona."